Tumbo Lisilo na Msemaji: Kisukari, Mwendo wa Chakula na Deni la Wanakiswahili

Utangulizi

Kiswahili kimesifiwa kwa mengi: kwa utamu wa mashairi yake, kwa upana wa matumizi yake na kwa adabu yake. Adabu hiyo ndiyo chimbuko la makala haya. Mtu aliyelelewa vyema katika jamii ya Waswahili hatamki hadharani jina la kitendo kinachompeleka chooni. Husema kwamba anakwenda haja, anakwenda msalani, au kwamba anatoka kidogo. Mbinu hii huitwa tafsida, na kila mwanafunzi aliyepitia shule ya upili nchini Kenya ameifundishwa na kutahiniwa kwayo. Hata hivyo, ni nadra kwa wanafunzi wa Kiswahili kuulizwa swali hili: tafsida inapoingia katika chumba cha daktari, humfaa nani na humdhuru nani?

Swali hili si la mchezo. Maradhi ya kisukari na mengine yanayotokana na hitilafu za umetaboli yamekuwa mzigo mkubwa Afrika Mashariki, na miongoni mwa madhara yake ni moja lisilotajwa sana: huvuruga mwendo wa chakula tumboni na katika matumbo. Macho yakiathirika, mgonjwa husema haoni vizuri. Miguu ikifa ganzi, husema imekufa ganzi. Tumbo likikawia kutoa chakula, husema tu kwamba "tumbo linasumbua", na hapo mazungumzo huishia. Makala haya yanashikilia kwamba ukimya huo si kosa la mgonjwa peke yake, wala la daktari peke yake. Ni deni la wanakiswahili pia, na ni deni linaloweza kulipwa.

Safari ya chakula mwilini

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza kinachotendeka ndani ya mwili. Chakula kikishatafunwa na kumezwa hupita katika umio na kuingia katika mfuko wa tumbo. Sehemu ya juu ya mfuko huo hulegea ili kukipokea. Sehemu ya chini hukikanda na kukisaga. Mlango wa kutokea hauachi kitu kupita ovyo. Chakula kigumu hakina budi kusagwa hadi kiwe chembe za milimita 1 hadi 2 ndipo kiruhusiwe kuingia katika utumbo mwembamba. Kwa mtu mwenye afya, mlo wa kawaida huwa umetoka karibu wote baada ya saa 4 hivi. Kisha husafiri kwa saa kadhaa katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6, na masalio yake huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita 1.5. Huko ndiko yanakokaa muda mrefu zaidi, aghalabu siku moja hadi mbili, maji yakifyonzwa hadi kibakie kinyesi.

Safari hii haitokani na uzito wa chakula. Hata aliyelala chali chakula chake husonga mbele, kwa kuwa husukumwa na mawimbi ya misuli inayobana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake. William Bayliss na Ernest Starling waliueleza utaratibu huo mwaka 1899 nchini Uingereza. Katika mfuko wa tumbo mawimbi hayo huja kama mara 3 kwa dakika, na mdundo wake hutolewa na seli maalumu zilizopewa jina la Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Uhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Juu ya seli hizo kuna neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni na kuleta amri za kuharakisha au kutulia. Homoni za matumbo nazo huingilia kati, zikipunguza kasi pale chakula chenye mafuta au sukari nyingi kinapofika.

Umetaboli, kwa upande wake, ni jumla ya kazi za kikemia ambazo kwazo mwili hugeuza chakula kuwa nguvu, hujenga tishu na kuweka akiba. Afya ya umetaboli hupimwa kwa vitu vya kawaida: sukari ya damu, mafuta ya damu, shinikizo la damu na mzingo wa kiuno. Kongosho likitoa insulini isiyotosha, au mwili ukiwa mzito kuiitikia insulini hiyo, sukari hulundikana katika damu, na hapo ndipo kisukari kinapoingia.

Kisukari kinapogusa matumbo

Uhusiano wa mambo haya mawili ni wa kwenda na kurudi. Sukari ya damu ikipanda ghafla, mfuko wa tumbo hupunguza kasi ya kutoa chakula. Ikishuka mno, huharakisha. Hayo ni ya muda mfupi na hutokea hata kwa mtu asiye mgonjwa. Lakini sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu neva, ikiwemo ile ya vagasi, na hupunguza seli za Cajal zinazotoa mdundo. Matokeo yake ni mfuko wa tumbo unaokawia, ingawa hakuna kitu kilichouziba. Mwaka 1958 daktari Paul Kassander aliieleza hali hiyo kwa wagonjwa wa kisukari na kuipa jina la kitabibu ambalo hutumika hadi leo.

Dalili zake ni kushiba kwa matonge machache, kichefuchefu, tumbo kujaa na kutapika chakula kilicholiwa saa nyingi zilizopita. Utumbo mpana ukiathirika, choo hufunga. Na kufunga choo ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa kwa wenye kisukari. Wengine huendesha, hasa usiku, ama kwa sababu neva zimeharibika, ama kwa sababu chakula kilichotuama katika utumbo mwembamba kimezalisha bakteria kupita kiasi, ama kwa sababu ya metformini, dawa ya kisukari inayotumika sana na ambayo huweza kuharisha. Wapo pia ambao katika siku za mwanzo za maradhi tumbo lao hutoa chakula haraka kuliko kawaida. Si kisukari pekee chenye tabia hii: tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizembea, matumbo hupoa, ikizidisha kazi, matumbo hukimbia.

Sasa tazama upande wa pili wa uhusiano huo. Kasi ya chakula kutoka tumboni ndiyo inayoamua sukari itaingia lini katika damu. Mgonjwa anayejidunga insulini kabla ya mlo huamini kwamba chakula kitafika kwa wakati. Tumbo likikawia, insulini hufanya kazi pasipo chakula, na sukari hushuka hadi mtu akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Baada ya saa kadhaa chakula hufika, insulini imekwisha nguvu, nayo sukari hupaa. Daktari asiyeambiwa habari za tumbo ataona nambari zinazopanda na kushuka bila mpango, na huenda akadhani kwamba mgonjwa hafuati masharti. Mgonjwa ataambiwa ni mkaidi, ilhali mkaidi ni tumbo.

Funzo kutoka Mulago

Habari hizi zina mizizi katika ardhi ya Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kuhudumu Kenya na Uganda. Wote wawili walishangazwa na jambo moja: maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kisukari cha watu wazima na maradhi kadhaa ya utumbo mpana, yalikuwa haba mno vijijini Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima muda ambao chakula hutumia kupita mwilini. Wanakijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, walichukua takriban siku moja na nusu. Waingereza waliokula vyakula vilivyokobolewa walichukua hadi siku tatu na zaidi. Choo cha wanakijiji nacho kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza.

Hoja za Burkitt zilijadiliwa na nyingine kurekebishwa, kwani maradhi hayana chanzo kimoja. Lakini funzo kuu lilibaki: nyuzinyuzi za chakula huathiri kasi ya matumbo, na pia huathiri umetaboli. Sehemu yake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Sehemu nyingine huliwa na bakteria wa utumbo mpana, ambao hutoa asidi zinazochochea homoni za kushibisha na za kusaidia insulini.

Tangu siku hizo vyakula vimebadilika. Unga uliokobolewa, chapati nyeupe, chipsi na soda vimechukua nafasi ya wimbi, mtama, kunde na githeri katika nyumba nyingi za mijini, na vijijini pia. Yale ambayo Burkitt aliyaona kuwa ya Waingereza sasa yamo Kisumu, Nakuru na Mombasa. Inasikitisha kwamba utafiti uliotegemea miili ya Waafrika Mashariki uliandikwa kwa Kiingereza, ukachapishwa London, na baada ya nusu karne bado mama muuza mboga wa Kongowea hana kitabu cha Kiswahili cha kumweleza kwamba mchicha alioushika mkononi ulikuwa sehemu ya hoja iliyobadilisha lishe ya dunia.

Neno moja, maradhi mengi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulitazama neno "tumbo" kwa jicho la kitaaluma. Neno hili ni polisemia ya ajabu. Tumbo ni sehemu yote ya mbele kati ya kifua na nyonga. Tumbo ni mfuko unaosaga chakula. Tumbo ni ujauzito, na ndugu wa tumbo moja ni watoto wa mama mmoja. Tumbo ni maradhi, kwani anayeendesha husema "nina tumbo". Katika riwaya na tamthilia za baada ya uhuru, tumbo ni ulafi wa watawala. Utumbo nao, katika mazungumzo ya vijana, umekuwa upuuzi. Upana huu ni utajiri mkubwa kwa mshairi. Kwa mgonjwa na mganga wake, ni ukungu.

Chukua mfano wa mazungumzo yanayoweza kusikika katika zahanati yoyote. Muuguzi kijana anamwuliza mzee wa miaka 60 mwenye kisukari: "Shikamoo mzee. Choo unapata?" Mzee anajibu: "Marahaba mwanangu, napata." Muuguzi anaandika kwamba hakuna tatizo. Kumbe mzee hupata choo mara moja kwa siku tano, na kwa kusukuma hadi jasho likamtoka. Hakuulizwa ni mara ngapi. Naye asingeweza kumsimulia binti wa umri wa mjukuu wake mambo ya msalani pasipo kuulizwa. Hakuna aliyesema uongo. Adabu ya wote wawili imetimizwa, na maradhi yamepita katikati yao bila kuonekana.

Au litazame neno "kufunga". Anayepelekwa kupasuliwa huulizwa, "Umefunga?" yaani hujala? Mwenye choo kigumu hufunga choo. Mwislamu hufunga katika mwezi wa Ramadhani. Hapo zamani mkanganyiko huu ulikuwa wa kuchekesha tu. Leo kuna dawa za sindano, kama semaglutidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wenye kisukari, ambazo huiga homoni ya matumbo na kupunguza kasi ya mfuko wa tumbo. Anayezitumia huenda akawa "amefunga" tangu jioni, na bado chakula cha jana kimo tumboni, tayari kupanda hadi mapafuni akishalazwa kwa nusukaputi. Swali la neno moja halitoshi tena.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika maneno "tumbo kujaa". Mwenye utumbo mpana mzito husema tumbo limejaa. Mwenye mfuko wa tumbo unaokawia husema vivyo hivyo. Wa kwanza akishauriwa ale mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, na anywe maji ya kutosha, aghalabu hupata nafuu. Wa pili akipewa ushauri uleule huweza kuzidiwa, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi ni ngumu kusagwa na tumbo lisilo na nguvu, na huweza hata kujisokota humo zikawa donge. Huyu hufaa milo midogo, laini, ya mara kwa mara. Ushauri mmoja ni dawa kwa huyu na sumu kwa yule, na kinachowatofautisha ni maelezo yao wenyewe. Lugha isipowapa maneno ya kujieleza, imewaangusha pale walipoihitaji zaidi.

Hazina iliyopo

Wengi watakimbilia kusema kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi. Madai hayo hayana msingi. Kabla ya kubuni jipya lolote, yafaa kuhesabu yaliyopo. Kuna kiungulia, kichefuchefu, kucheua, mbweu, kwikwi, riahi, msokoto, kuvimbiwa, kuhara na kuendesha, na kila moja ni dalili yake peke yake. Kuna umio, kongosho, nyongo, chango na puru. Kuna haluli, sanamaki, shubiri na mafuta ya mbarika, dawa ambazo wazee wa pwani walizitumia kufungua choo. Kuna uyabisi wa tumbo, msamiati uliobeba ndani yake tiba ya Kigiriki na Kiarabu iliyogawa maradhi kwa joto, baridi, ubichi na ukavu. Ni mizizi ileile iliyozaa "baridi yabisi" ya viungo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye ikatoa Kamusi ya Tiba. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi husomea sayansi kwa Kiswahili.

Upungufu, basi, si wa maneno. Ni wa mpangilio na matumizi. Maneno haya yamelala, mengine katika kamusi, mengine katika vinywa vya wazee, na hakuna daraja linaloyafikisha zahanati.

Pale ambapo istilahi mpya inahitajika, kazi ya mwanafasihi haikwepeki. Chukua ile hali ya tumbo linalokawia. Ukisema "kupooza kwa tumbo", utamtisha mgonjwa, kwani kupooza kumezoeleka kuwa ni kufa kwa upande mmoja wa mwili. Ukisema "uzembe wa tumbo", utamlaumu, kwa kuwa uzembe ni tabia. Ukisema "uzito wa tumbo", utaitaja dalili na kuacha chanzo, na zaidi utamfanya afikiri juu ya kitambi. Yafaa zaidi kusema "ukawiaji wa tumbo", kwa kuwa kukawia hakuna tisho wala lawama, na hueleza kwa usahihi kinachotokea. Nao mwendo wa jumla wa chakula waweza kuitwa "mjongeo", kutokana na kujongea, yaani kusogea kidogo kidogo. Kupima hisia za neno kabla ya kumpa mgonjwa alibebe si kazi ya maabara. Ni kazi ya anayesoma mtindo na semantiki.

Vilevile kuna neno "kitambi". Katika masimulizi ya Kiswahili kitambi ni cheo, ni neema, au ni dhihaka kwa mla rushwa. Ni mara chache kitambi kutajwa kama dalili ya mafuta yaliyozunguka maini na matumbo, mafuta yanayoufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini. Fasihi imelifunza taifa kukicheka kitambi na kukihusudu kwa wakati mmoja. Haijalifunza kukipima.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba haya ni mambo ya madaktari, na mwanafunzi wa fasihi hana kibali cha kuyaingilia. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Kutibu ni kazi ya daktari. Hakuna anayependekeza mwanafasihi aandike dawa. Lakini kuuliza, kueleza na kueleweka ni kazi ya lugha, na utafiti wa lugha ndio uliowaleta wanakiswahili chuoni.

Hoja ya pili ni kwamba madaktari wamefunzwa kwa Kiingereza na wagonjwa wengi wanakielewa. Lakini mgonjwa wa kisukari aghalabu ni mtu mzima au mzee, na wengi wa umri huo huumwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki ya afya isiyoelezwa kwa lugha ya mwenye haki ni nusu ya haki.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya adabu. Je, kutaja mambo haya waziwazi si kuivua nguo lugha yenye staha? Anayeuliza hivi ana haki ya kujibiwa kwa heshima. Tafsida haikuundwa ili kuficha maradhi. Iliundwa ili watu waweze kuyazungumzia mambo mazito bila kuvunjiana heshima. Kwa maana hiyo, tafsida ni mlango wa kuingilia katika mazungumzo. Muuguzi akimwambia mzee, "Samahani baba, haja kubwa unakwenda mara ngapi kwa juma? Ikija huwa ngumu au laini?", adabu imehifadhiwa na jibu limepatikana. Kosa si kutumia tafsida. Kosa ni kuishia hapo. Wahenga waliotufunza staha ndio hao hao walioonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Yapasayo kufanywa

Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yenye vifaa, miongoni mwavyo vya kupima sukari na shinikizo la damu. Hawa ndio wasomaji ambao wanakiswahili hawajawaandikia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulionyesha kwamba Wakenya wengi mno hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Sasa kipimo kimefika mlangoni. Kinachosalia ni maswali yanayopaswa kuandamana nacho.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuanza kwa mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, likizo inapofika, wanafunzi wakusanye maneno ya tumbo na matumbo kutoka kwa wazee wa Lamu, Mvita, Vanga na kwingineko, hasa kwa wakunga na waganga wa miti shamba, kabla hayajazikwa pamoja nao. Pili, kwa kila dhana yapangwe maneno ya ngazi tatu: la staha, la wazi na la kitaalamu, ili muuguzi ajue aanze na lipi na amalizie na lipi. Tatu, waandae orodha fupi ya maswali, yasizidi ukurasa mmoja, iliyokaguliwa na daktari kwa usahihi na kujaribiwa kwa wagonjwa ili kuhakikisha kwamba inaeleweka. Nne, mada za tasnifu ziruhusu uwanja huu. Tafsida imechunguzwa sana katika nyimbo za harusi na unyago. Haijachunguzwa vya kutosha katika foleni ya kliniki ya kisukari.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Ni vigumu kwa mwanafunzi kuthubutu kuandika juu ya kinyesi ikiwa anajua kwamba darasa litacheka na msimamizi atakunja uso. Mhadhiri akilitamka neno hilo kwa utulivu mara moja tu, atakuwa amefungua njia ambayo kamusi nzima haiwezi kuifungua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hali ya umetaboli hutawala mwendo wa chakula mwilini, na kwamba mwendo huo nao huamua jinsi sukari inavyopanda na kushuka. Yameonyesha pia kwamba mgonjwa asipoweza kueleza yanayompata tumboni, hupewa dawa isiyo yake au lawama isiyomstahili. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kuanzia, kinayo staha ya kuyabeba, na kinao vijana wa kuyapanga.

Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba nyingi zimetolewa kuisifu lugha hii. Sifa ni njema. Lakini mzee wa zahanati anayepata choo mara moja kwa siku tano hahitaji hotuba. Anahitaji kuulizwa swali la pili, kwa lugha anayoielewa na kwa heshima anayostahili. Swali hilo bado halijaandikwa, na wenye ujuzi wa kuliandika ni wasomaji wa jarida hili.